Karatasi Niliyomsomea Kogo

Kwetu mtoto akizaliwa hapewi jina hivi hivi. Wamama wa ukoo huketi naye ndani na kumtajia majina ya wafu wa familia, moja baada ya jingine, polepole, wakimwangalia pua. Jina litakalompigisha chafya ndilo lake, na mwenye jina hilo ndiye aliyerudi. Wakichoka kungoja humnusisha ugoro kidogo mambo yaende haraka. Mimi ugoro sikuuhitaji. Walianza na jina la babu yangu, aliyekuwa amekufa mwaka mmoja tu kabla yangu, nikapiga chafya mbili hapo hapo. Shangazi yangu alikuwemo ndani siku hiyo, na hadithi hiyo amenisimulia mpaka nimeishika kama vile nilijiona mwenyewe.

Tangu siku ile shangazi huniita baba. Si utani. Mama mzima wa watoto saba alikuwa akinisalimu mimi, mtoto wa darasa la pili mwenye kamasi mpaka mdomoni, "Baba, umelala vizuri?" nami naitikia. Nikikataa wimbi anasema hata zamani mzee alikuwa hapendi wimbi. Nikikasirika, na hasira zangu ziko karibu mpaka leo, wanacheka wote: huyo ndiye, huyo ndiye mwenyewe! Jina hilo halimo kwenye kitambulisho changu. Kitambulisho kina jina la ubatizo na la baba. Lakini nyumbani mimi ni yule mzee, na nilipenda kuwa yule mzee, kwa sababu ya yale tuliyoambiwa kumhusu.

Tuliambiwa kila Krismasi, watu wakishashiba. Baba yangu alikuwa anasimama mlangoni na kuelekeza mkono kwenye mlima ulio ng'ambo ya barabara yetu hapa Kapsoit. Siku hizi mlima huo ni chai ya kampuni, kijani kitupu mpaka juu, imekatwa sawa utadhani meza, na chini yake ziko laini za nyumba za wafanyakazi. Baba anasema: pale ndipo kwetu. Wazungu walipokuja na askari kuwafukuza watu, wengine waliinamisha vichwa wakaondoka. Babu yenu alisimama mlangoni na rungu lake akasema hatoki. Nyumba ikachomwa akiwa bado amesimama. Yeye ndiye mtu wa mwisho kuteremka mlima ule. Halafu baba ananigeukia mimi: "Si ndivyo, mzee?" Na mimi, mtoto wa miaka minane, nasema ndivyo.

Hadithi hiyo ndiyo iliyotulea. Sisi hatukuwa matajiri, shamba letu la chai ni la kupimwa kwa hatua, lakini tulikuwa watu waliokataa. Kanisani tulikaa mbele. Baba hakuruhusu mtoto wake yeyote achume majani ya kampuni, hata mwaka ule mvua ilipokosekana na tukala mboga bila ugali. Alisema hatachuma mtu wake majani juu ya majivu ya nyumba yake. Sisi tukaona hiyo ni heshima. Ulikuwa ujinga, lakini njaa ya namna ile ilitufanya tujione wakubwa.

Ngoja niseme la dada yangu, maana bila hilo hamtaelewa hadithi ile ilikuwa na nguvu gani. Dada yangu alipendana na kijana aliyezaliwa kwenye zile laini za chini ya mlima. Wazazi wake walitoka upande wa ziwani, baba yake akifanya kazi ya mashine za kukausha majani kiwandani. Kijana mwenyewe alisema Kipsigis safi kuliko changu. Alikuwa fundi, mpole, hanywi. Baba akasema mtu anayelala kwenye mlima wetu hataingia kwenye boma lake. Na nani alitumwa kwenda kumwambia? Mimi. "Wewe ndiye mwenye mlima," baba aliniambia, "nenda umwambie mwenyewe."

Nilikwenda nimejaa kiburi, miaka ishirini na miwili. Alitoka kunipokea ameshika kofia mkononi. Nilipomaliza kusema akaniambia, "Lakini na mimi nimezaliwa hapa hapa, kama wewe." Nikamjibu kwamba kuku akiangua kwenye gari hilo gari si lake. Nilijiona nimesema neno! Nilirudi nyumbani nikilirudia njiani nikicheka peke yangu. Dada yangu hakuolewa. Mpaka leo yuko pale nyumbani, anakamua ng'ombe wa baba, na jambo hilo hajaligusa hata mara moja mbele yangu.

Sasa, kamati. Miaka michache iliyopita wazee waliunda kamati ya kuandikisha familia zilizofukuzwa kwenye mlima, ili suala lao lipelekwe mbele na wakili. Tulikutana kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, Kapsoit. Nikachaguliwa katibu kwa kuwa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mwandiko wangu unasomeka, na pia, mwenyekiti alisema huku watu wakipiga makofi, kwa kuwa mjukuu wa yule mzee hawezi kutuangusha.

Kazi ilikwenda hivi. Mzee anaketi mbele yangu anasema kwa Kipsigis. Mimi naandika kwa Kiswahili, maana wakili si mtu wa huku. Akimaliza, namsomea nilichoandika, nikikigeuza tena Kipsigis, naye akikubali anaweka kidole gumba kwenye wino kisha kwenye karatasi. Wengi wao hawajui kusoma. Hakuna mtu mwingine aliyekagua. Kila karatasi ilisimama juu ya uaminifu wa katibu, na katibu alikuwa mimi.

Sharti lilikuwa moja tu, na mwenyekiti alilirudia kila Jumamosi mpaka tukalikinai: karatasi ionyeshe wazi kwamba familia ilitolewa kwa nguvu. Waliohama wenyewe hawaingii kwenye orodha. Hilo likumbukeni.

Kogo alikuja mwezi wa tano, siku ya mvua. Kogo ni nyanya, kwa lugha yetu, na hivyo ndivyo nilivyomwita, ingawa hakuwa wangu. Alitoka Sigowet kwa pikipiki, akiwa katikati ya dereva na mjukuu wake wa kike, amefungwa shuka mbili na karatasi ya nailoni juu. Mwanamke wa miaka tisini na kitu, amevaa gambuti za mjukuu. Mjukuu wake, dada wa miaka kama thelathini anayeuza mboga sokoni, alimketisha kwenye kiti cha plastiki akaenda mlangoni kukamua maji kwenye sweta yake. Nilimmiminia kogo chai. Akaishika kwa mikono miwili akaanza kusema bila kungoja swali langu.

Alisema alikuwa msichana wa kuchunga ndama. Kwao kulikuwa upande wa chini wa mlima, kando ya kijito, nyumba tisa zilizofichwa na miti. Watu wa juu walipoanza kufukuzwa, watu wa kijito walizima mioto yao wakakaa kimya ndani, siku mbili bila kupika, ili moshi usiwafichue. Askari hawakujua mahali. Kisha asubuhi moja wakaja moja kwa moja, hawakupotea hata hatua. Mbele yao alitembea mtu wetu mwenyewe, ana fimbo mkononi. Alikuwa anafika mlangoni anagusa mlango kwa fimbo, anasema huu, anakwenda mwingine, anasema huu.

"Mama alimjua kwa sauti," kogo akasema. "Alikuwa akinywa maziwa kwetu. Mama alidhani amekuja kutuonya, akamwita kwa jina lake, akafungua."

Baada ya mlango kufunguliwa ni moto tu. Nyanya yake, asiyeweza kutembea, alitolewa kwa kuburutwa juu ya ngozi ya ng'ombe, akafia njiani kabla hawajafika Sigowet. Hayo aliyasema bila kulia. Akanywa chai kidogo, akalitaja jina ambalo mama yake aliliita.

Lilikuwa jina langu.

Nilijiambia majina yanafanana, wangapi wanaitwa hivyo huku kwetu? Nikamuuliza kwa sauti ya mtu anayefanya kazi yake, "Kogo, yuko mwingine wa jina hilo?" Akanitazama kama unavyomtazama mtoto mzito wa kichwa. Akasema ni yule aliyeoa msichana wa Chepilat mwenye mguu mfupi. Akasema kwa kazi ile alipewa shamba zuri kando ya barabara, hapa hapa Kapsoit, na watoto wake wako juu yake mpaka sasa. Nyanya yangu mimi alitoka Chepilat. Alichechemea maisha yake yote. Na shamba lile, asubuhi hiyo hiyo kabla ya kuja ukumbini, nilikuwa nimechuma majani yake nikayapeleka kituoni yakapimwe.

Ningeweza kuandika. Kalamu ilikuwa mkononi, wino ulikuwepo, na kilichotakiwa ni mistari minne tu. Mlangoni wazee wawili walikuwa wakizungumza habari za bei ya mbolea na mmoja wao alinipungia mkono. Niliwaza karatasi hiyo ikisomwa kwenye mkutano, mbele ya mwenyekiti, mbele ya baba. Nikaandika: "Nilikuwa nachunga ndama. Nyumba zetu zilikuwa tisa kando ya kijito. Asubuhi moja askari walikuja. Tukahamia Sigowet. Nyanya yangu alikufa njiani kwa uzee." Hayo ya uzee niliyaongeza mimi. Haki ya Mungu, mpaka leo sijui kwa nini niliyaongeza.

Halafu nikamsomea. Na hapa ndipo ninapojichukia. Nilimsomea yote. Moshi, mioto iliyozimwa, fimbo, mlango mmoja mmoja, sauti ya mama yake, na jina. Nilivuta macho yangu kwenye karatasi kutoka kushoto kwenda kulia, nikashuka mstari, nikaanza tena kushoto, nikisoma maneno ambayo hayakuwepo. Sikukosea hata moja. Nilipofika kwenye jina sauti yangu haikutetemeka. Kogo alifumba macho akawa anatikisa kichwa: ndiyo, ndiyo, ndivyo. Mjukuu wake alikuwa bado mlangoni na sweta yake.

Aliweka kidole. Akakifuta wino kwenye shuka akasema, "Sasa imeandikwa. Nilikuwa naogopa nitakufa nayo." Akanishika mkono akanishukuru, mara tatu. Niliwasindikiza mpaka kwenye pikipiki nikamfunga vizuri ile nailoni.

Jumapili nilimfuata baba kwenye zizi. Yeye sasa ni mzee wa miaka themanini, anatembea na fimbo mbili. Nilimwambia yote aliyosema yule kogo. Nilitaka anikemee, aniambie ni uongo wa watu wenye wivu, na ningemwamini, wallahi ningemwamini papo hapo. Aliendelea kumkuna ng'ombe shingoni.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu niko mdogo kuliko huyu ndama. Watoto wenzangu waliniimbia."

Nikapandwa na hasira, nikapiga nguzo ya zizi kwa ngumi mpaka ng'ombe akaruka. Nikamuuliza sasa rungu ni la nini, mlango ni wa nini, Krismasi zote zile ni za nini? Akanigeukia. Sijawahi kumwona baba yangu akiwa mdogo hivyo. Akasema, "Ulitaka niwalee na nini? Na ile ya fimbo?"

Nikamuuliza na dada je? Baba akasema dada yako ni mambo mengine, akarudi kwa ng'ombe wake. Dada alikuwa hatua kumi kutoka pale, anaosha ndoo za maziwa kwenye bomba. Sijui alisikia kiasi gani. Alimaliza ndoo zake, akazipindua juu ya nyasi zikauke, akapita katikati yetu akaingia jikoni.

Miezi miwili baadaye kamati ilikaa kupitisha karatasi. Mwenyekiti alisoma moja moja kwa sauti. Ya kwetu ilikuwa ya kwanza, rungu na mlango na kila kitu, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Ya kogo ilifika kama saa saba mchana, watu wanataka kwenda kula. Mwenyekiti aliisoma, akairudia ile sehemu ya kati, akavua miwani. "Hawa walihama wenyewe," akasema. "Karatasi yao inasema, tukahamia Sigowet. Hakuna aliyewashika." Mzee mmoja akasema ni kweli, watu wa kijito waliondoka mapema, ndivyo alivyosikia siku zote. Mwenyekiti akanitazama juu ya meza. "Katibu, wewe ulimsikiliza. Kulikuwa na lingine?"

Watu, niliulizwa! Msiseme sikupewa nafasi. Niliulizwa waziwazi mchana kweupe na mdomo wangu ulikuwa mzima. Nikasema hakukuwa na lingine. Mwenyekiti akanisukumia karatasi, na kwa mwandiko wangu unaosomeka nikaandika juu yake: walihama kwa hiari.

Mjukuu wa kogo alinipigia simu wiki hiyo. Alisema kogo anauliza kila siku kama jina lao limeingia. Nikamwambia uamuzi ni wa kamati, mimi ni mwandishi tu. Akasema, "Lakini mwalimu, si alikueleza vizuri?" Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Alipiga tena mara nyingi, kisha akaacha.

Sikukaa vizuri tena baada ya hapo. Shangazi akipiga simu na kusema "Baba," nilihisi mgongo unaniwasha. Darasani nilichapa meza kwa makosa madogo. Nikipita na kikapu kati ya mistari ya chai yetu nilikuwa najiuliza kila shina lilitokana na mlango wa nani. Mke wangu aliniuliza ninaumwa nini nikamwambia ni presha. Nilikuwa na aibu, basi, na aibu haina kidonge. Ilinichukua mwaka mzima na zaidi kwenda kwa mwenyekiti, na hata hapo sikumwambia ukweli wote. Nilimwambia nahofia karatasi ya yule mama wa Sigowet niliiandika kwa haraka. Mwenyekiti ni mtu mwema. Akasema wakili bado anapokea marekebisho hadi mwisho wa mwezi, ila lazima yatoke kinywani mwa mama mwenyewe, na kidole chake kiwepo. "Maneno yako wewe hayatoshi, mwalimu. Hukuwa umezaliwa."

Nilipiga moyo konde nikachukua pikipiki kwenda Sigowet. Njia nzima nilipanga maneno. Nitapiga magoti. Nitamwambia mimi ni nani. Nitaandika kila neno, jina langu nitaliandika kwa herufi kubwa, wafanye wanavyotaka. Niliamini kabisa bado mambo yanatengenezeka.

Nilimkuta ameketi juani kando ya mahindi, redio ndogo imefungwa kwa kamba kwenye kiti chake. Alikuwa amepungua. Mjukuu wake alinipokea bila tabasamu akaniletea stuli. "Siku hizi anachanganya," akaniambia kwa sauti ya chini. "Lakini asubuhi huwa sawa."

Nikamshika mikono. Nikamwambia, "Kogo, mimi ndiye mwalimu wa Kapsoit. Niliiandika vibaya karatasi yako. Nimekuja uniambie tena, habari za nyumba zenu na yule mtu aliyekuja mbele ya askari."

Akafurahi sana. Alipenda kuulizwa. Akaanza pale pale, ndama, kijito, nyumba tisa, na mimi nikaandika kila neno, nikijiambia Mungu ni mwema, bado anakumbuka. Akasema mioto ilizimwa. Nikaandika. Akasema askari wakaja asubuhi na moto. Nikaandika.

"Na yule mtu?" nikamuuliza.

"Yule mtu," akasema, na uso wake ukang'aa. "Yule alisimama mlangoni na rungu. Akawaambia hatoki. Nyumba inawaka, yeye amesimama. Mimi nilimwona kwa macho haya. Ndiye wa mwisho kuteremka."

Kalamu ikasimama. Mjukuu akaonyesha redio kwa kidevu. Akasema stesheni ya lugha yetu ilikuwa imesoma karatasi za kamati kila jioni kwa miezi, na iliyopendwa ilirudiwa rudiwa. Kogo alikuwa anasikiliza kutwa. Hiyo aliishika kwa moyo.

Nilijaribu, jamani. Nikamwambia, "Kogo, kumbuka. Alikuwa na fimbo. Aligusa milango. Mama yako alimwita akafungua." Akakunja uso. Nikarudia, nikamtajia jina. Akasema ndiyo, huyo huyo, shujaa. Nikarudia tena, nadhani sauti yangu ilipanda. Akauvuta mkono wake kutoka kwenye mkono wangu.

"Wewe ulikuwepo?" akaniuliza. "Mimi ndiye nilikuwepo."

Mjukuu akasimama katikati yetu. "Mwalimu, usimtie maneno mdomoni."

Hapo nikamwambia yule dada kila kitu. Sikumficha: nyanya yake aliniambia nini siku ile ya mvua, niliandika nini, nilimsomea nini. Aliniuliza kwa nini. Nikasema mtu yule alikuwa babu yangu. Nilitamani anizabe kofi. Akasema, "Basi andika wewe. Wewe unajua." Nikamweleza alivyosema mwenyekiti, kwamba lazima kitoke kinywani mwa kogo. Aliangalia kile kinywa kisicho na meno, kinachotabasamu juani.

"Basi mmetumaliza mara mbili," akasema, akaokota jembe akaingia kwenye mahindi.

Lakini kogo alikuwa ameshika neno moja katika yale yote. Alinivuta shati. "Wewe ni mjukuu wake? Wa yule wa mlangoni?" Hakungoja jibu. Alianza kucheka kwa furaha, akanivuta karibu, akatema mate kidogo kwenye viganja vyake kama wazee wetu wanavyofanya wakitaka kukubariki, akanipaka kwenye paji la uso, kisha kifuani. Akaniombea watoto wengi, ng'ombe wengi, na kwamba nyumba yangu isikae bila moto. Jembe la mjukuu lilikuwa linasikika likilima upande wa pili. Nilikuwa nimekuja kupiga magoti nikiri, na magoti niliyapiga, nikainamisha kichwa, nikapokea baraka yote mpaka mwisho.

Kogo alizikwa kabla ya mvua ya masika. Orodha ilikwenda bila nyumba za kijito, na ya kwetu iko juu kabisa. Baba bado anaelekeza mkono kwenye mlima wageni wakija, na mimi humwacha. Mtu anaweza kuniambia, basi andika sasa, hakuna anayekuzuia. Ndicho ninachofanya hapa, wiki ya tatu hii, mlango nimefunga. Nimewaandikia fimbo, nimewaandikia milango, nimewaandikia dada yangu na ndoo zake. Jina lenyewe bado sijaliandika.